Kanuni Niliyoiandika Nikimfikiria Mtu

Fundi seremala wetu wa Igowole amefariki, na asubuhi ya kumzika watu waligombea majembe ili wamchimbie kaburi. Niliwatazama kutoka pembeni. Wasomaji wangu mnajua sikurithi kitu. Nilianza kwa kuziba pancha kule Iyunga, nikajisomesha hadi stashahada, nikarudi nyumbani na kujenga nyumba ambayo wageni huelekezwa nayo njia. Ndiyo maana nilipochaguliwa katibu wa chama cha mazishi niliandika kanuni iliyonyooka: anayekosa misiba mitatu bila sababu, chama hakimchimbii kaburi. Wote walipiga makofi isipokuwa fundi.

Mwaka jana alifariki mama mmoja muuza ulanzi, pombe ya mianzi, mkali wa maneno, asiyekanyaga msiba wa mtu. Nilisoma daftari la mahudhurio, watu wakabaki majumbani. Fundi akapita mbele ya baraza langu na sururu begani, manyunyu yakimlowesha.

"Fundi, unavunja kanuni."

"Kanuni yako nzuri sana, Katibu. Sasa maiti ajichimbie?"

"Si huyo aliyekuita mwizi wa mbao pale kanisani?"

"Ndiye. Tena simpendi mpaka leo." Akacheka. "Lakini binti yake yuko peke yake kule, anachimba kwa jembe la bustani. Twende. Hiyo stashahada iache nyumbani, isije ikachafuka."

Sikwenda. Kikao kilichofuata tulimfuta uanachama, na hakuna mkono uliobaki chini.

Kwa kuwa tulishamfuta, yeye naye hakustahili hata koleo moja la chama, lakini safari hii hakuna aliyeniuliza daftari. Miaka yote nimebishana na watu kwamba wema ni kazi ya akili, si ya moyo. Sasa naona tulichokiita akili siku ile kilikuwa chuki iliyopata karatasi ya kujifichia, na huruma ya juzi ilikuwa mapenzi tu kwa mtu aliyewatengenezea vitanda. Fundi peke yake alimchimbia asiyempenda, kwa sababu kaburi lilihitajika.

Mimi nina langu. Yule mama aliwahi kunicheka mbele za watu, akasema nimerudi na suti lakini miguu bado ya pancha. Kabla hujaandika kanuni ya haki, jiulize unamfikiria nani. Jina likikujia, weka kalamu chini. Mimi lilinijia, nikaendelea kuandika.