Kitabu kilichochanwa mwisho, filamu yake, na daraja la Nduruma

Wakuu, habari za jioni. Kisa hiki kimenipata mwenyewe, wa kubisha aje Arusha aulize.

Mnaonijua humu mnajua sina shule. Darasa la saba, basi. Ila maduka yangu ya vipuri mnayapita kila siku, na hakuna mjomba aliyenishika mkono.

Enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa, nilikuwa nauza mitumba Kaloleni. Siku moja nafungua belo la makoti, nakuta mfukoni riwaya nene ya Kizungu. Ya mapenzi, ya zamani.

Nikampelekea Aneth, binti wa duka la dawa jirani, mwenye form four yake safi. Nilikuwa namtaka, nisiwafiche.

Jioni akawa ananisomea kwa Kiswahili. Kijana mchonga mawe anampenda binti wa mchungaji. Anamposa mbele za watu huku anajisifu, binti anakataa, jamaa anahama mji.

"Anaongea kama wewe," Aneth akaniambia.

Wakuu, nilikuwa nimekaa juu ya belo lakini sipo. Ulaya siijui, kwa hiyo wale watu niliwaweka chini ya Meru. Ukungu ulikuwa wa kwetu. Daraja la mji wao likawa lile dogo la Nduruma, kwa kina Aneth, ng'ombe wakipita taratibu. Mpaka leo nikivuka pale nasikia sauti yake ikisoma.

Nikamwambia nataka kumuoa.

"Tumalize kitabu kwanza. Nione huyu bwana anarudije."

Tukafika pale kijana anatokea ng'ambo ya daraja. Kurasa zikaishia hapo. Zimechanwa.

Mimi sishindwi. Nikazunguka mji mpaka nikaipata filamu yake kwenye kanda. Nikakodi banda la video zima, watu wawili tu.

Ilikuwa nzuri kwa macho. Ila daraja lilikuwa kubwa kama la reli. Na lile tukio la kukataliwa, ambalo kitabuni lilichukua jioni nzima, lilipita kabla sijamaliza karanga. Mwisho binti anakimbia kwenye mvua, anamrukia jamaa. Muziki. Imeisha.

Nikamgeukia Aneth kama mshindi.

"Huo sio mwisho wake," akasema. "Yule wa kitabuni hakimbii. Jamaa ndiye aliyejisifu, avuke yeye. Kwa mguu. Na anyamaze."

Akaenda zake kwao.

Jumapili alfajiri nikaiacha pikipiki yangu ndani (ndiyo, nilikuwa nayo tayari), nikatembea mpaka Nduruma. Meru mgongoni, ukungu bado umelala mashambani, mimi nusu nimo kitabuni.

Aneth alikuwa ng'ambo ya daraja, anatoka kanisani. Akaniona, akasimama palepale. Nikavuka. Sikusema neno, na kwangu mnajua hiyo ni kazi.

Akatazama viatu vyangu, vumbi mpaka magotini.

"Karibu chai," akasema. "Baba yupo."

Juzi binti yetu katuletea kitabu hichohicho, kizima. Mama yake kakifungia kabatini. Anasema mwisho anaujua.

Nilichojifunza: filamu inakupa daraja la mtu mwingine, kitabu kinakuacha utafute lako.

Waliosoma riwaya kisha wakaona filamu yake, leteni yenu, nasoma zote. Jina la hiki changu silitaji. Kuna mtu humu ataniambia kinaishaje.