Juma Ambalo Mama Alisema Ziwa Litatulia

Betri za redio zikianikwa juu ya bati la moto hutoa harufu yake ya pekee, ya chuma na nta iliyoanza kulainika. Nikiinusa harufu hiyo, hata leo, narudi Bagira, mtaa wetu wa mlimani juu ya ziwa, kwenye nyumba yetu ya vyumba viwili, miaka ile ya vita. Betri mpya hazikupatikana, basi tulizianika zile za zamani ili zipate nguvu kidogo, na kazi yangu ilikuwa kuwafukuza kuku wasizidonoe.

Msidhani redio yetu ilikuwa ya muziki. Ilikuwa chombo cha kazi. Kabla ya vita mama yangu aliajiriwa katika ofisi ya kupima mvua. Ofisi ilipoporwa, aliokoa baromètre moja, kile chombo cha kupima kanieneo ya hewa, na kuileta nyumbani imefungwa ndani ya kitenge, kama mtoto mchanga. Papa, yaani baba yangu, alikuwa amekwama Kisangani tangu njia zikatike, kwa hiyo tuliishi watatu: mama, mimi na baromètre. Kila asubuhi mama aliigonga kioo kwa kidole, akasikiliza redio ya ng'ambo kwa Kifaransa, akatoka uani kutazama mawingu upande wa kisiwa cha Idjwi. Kisha alishuka Ibanda, katikati ya mji, kwenye redio ndogo ya parokia, kusoma hali ya hewa kwa Kiswahili. Askari walioushika mji walikuwa wamekataza habari. Zilibaki misa, nyimbo za kwaya, matangazo ya vilio, yaani misiba, na mama yangu. Hakuna aliyeona hatari yoyote katika mvua.

Ilikuwa Novemba, mwezi ambao kwetu udongo hulowa mpaka vilima huteremka pamoja na nyumba za watu. Asubuhi moja redio ya ng'ambo ilitaja neno nisilolijua.

"Maman, automne iko nini?"

"Ni wakati majani ya Bazungu inaanguka," alisema, sikio lake bado likiwa redioni.

Kwa siku nyingi niliwaza Wazungu wamevaa majani, nayo yanawadondoka barabarani mbele ya watu. Niliwahurumia sana.

Siku hizohizo alikuja mwanamke mmoja aliyeuza sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwa letu. Alitoka Kalehe, ufukweni kaskazini mwetu, na alikuwa na ujumbe wa tantine Nsimire, mdogo wake mama. Tantine alikuwa huko na watoto wawili, na tumbo la tatu limekwisha kuwa kubwa. Mapigano yalikuwa yamefunga barabara. Ilibaki njia ya maji.

"Nsimire anasema anakusikia kila siku mu redio," yule mwanamke alisema, akipima sambaza kwa kopo. "Siku utasema ziwa italala, ataingia mu mutumbwi."

Mimi niliruka kwa furaha. Mama alikwenda kuigonga tena baromètre. Nyanya yetu alizoea kutuambia kwamba ziwa halina tawi la kushika, na alijua alichokisema, kwa maana maji hayo yalimchukua kaka yake. Novemba dhoruba hushuka milimani ghafla, na mtumbwi uliojaa watu hauna la kufanya.

Halafu mvua ikakatika. Sindano ya baromètre ilipanda, ikakaa juu. Redio ya ng'ambo ikatangaza kwamba eneo lote la Maziwa Makuu lingepata juma kavu, la joto la wastani. Jirani zetu walitoa magodoro nje, watoto wakacheza mpira pale palipokuwa na tope. Mama peke yake aliitazama mbingu safi kama mtu anayemtazama mgeni asiyemwamini.

Shule zilikuwa zimefungwa, basi alinichukua kwenda naye redioni. Nilikaa kwenye kiti karibu yake, nikakatazwa kukohoa. Aliinama mbele ya mikrofoni akaanza kwa sauti ile laini ambayo nyumbani aliitumia tu nikiwa na homa.

"Wasikilizaji wapenzi, juma hili kandokando ya ziwa, mvua haitarajiwi. Upepo utakuwa mdogo."

Akaacha kusoma karatasi yake. Padri aliyeshika mitambo aliinua kichwa. Kisha mama aliiweka karatasi chini, akasema maneno ambayo hayakuandikwa.

"Ziwa litatulia. Lakini wenye kusafiri, wasafiri asubuhi mapema. Mchana wakiwa bado majini, wasogee pwani, wangojee."

Nje alishikilia ukuta kwa muda kabla ya kuanza kupanda nyumbani. Nilidhani ni jua.

Siku iliyofuata ilikuwa nzuri, na ya pili yake pia. Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, upepo ulivuma kutoka kaskazini. Ziwa, ambalo kutoka Bagira huonekana kama kitambaa kilichopigwa pasi, lilijikunja lote. Mama aliacha vyombo ndani ya beseni akaenda kusimama ukingoni mwa uwanja, mikono kichwani.

Upepo ulikoma kabla ya jioni. Kesho yake, tukiwa tunachambua maharage, tulisikia mtoto akilia njiani, na mbele yake sauti ya tantine Nsimire ikimwambia kwamba wamefika, anyamaze. Miguu yake ilikuwa imevimba, kitenge kimekauka na chumvi ya jasho. Mama alimshika uso kwa mikono miwili.

"Upepo ilikukuta wapi?"

"Ilikuta tumekwisha kuvuta mutumbwi pwani," tantine alisema. "Si ulituambia? Tulilala pale, asubuhi tukaendelea. Weye ni dada yangu, ningekosa kukuamini?"

Siku hiyo tulikula bugali na sambaza mpaka sufuria ikakwanguliwa, na tantine alicheka kwa kila kitu. Lakini mama alikula kidogo, kisha akarudi ukingoni mwa uwanja kuangalia maji. Vivyo hivyo kesho yake, na keshokutwa, mpaka juma likaisha. Jambo hilo lilinishangaza, hata likaniudhi. Tuliyemngojea alikuwa ndani, amelala kitandani mwetu, watoto wake wamenimalizia mkate. Mama alikuwa akitafuta nini tena?

Nilikuwa mtu mzima, mwenye watoto wangu, niliposikia mtangazaji fulani akisema upepo utakuwa mdogo, nikajikuta nimesimama jikoni bila kujua kwa nini. Ndipo nilipoelewa. Mimi nilikuwa nimesikia mama akimwambia dada yake aje. Yeye, alipoinama mbele ya mikrofoni ile, alijua kwamba katika kila ghuba, kutoka Kalehe hadi kwetu, kulikuwa na mwanamke aliyekaa karibu na redio na mizigo yake imekwisha kufungwa. Dada yake alikuwa amefika. Wale wengine hakuwajua majina, wala hakuna ambaye angekuja kumwambia.