Siku Nilipomsifu Askari wa Seli

Jamani, kuna aibu unaweza kuificha, lakini hii yangu ilionwa na kambi nzima ya polisi pale Bwera, na wake zao, na kuku wao, kwa hiyo bora mnisikie mimi mwenyewe kabla hamjaisikia sokoni ikiwa imetiwa chumvi.

Mimi ni mwalimu wa bayolojia, mzaliwa wa Kyondo, na wakati huo nilikuwa nimependana na Denis, ambaye baba yake, Afande Okello, anaishi humo kambini. Mzee alikuwa amekubali kwa shingo upande kuja kwetu Jumamosi kumposea mwanawe (roho yangu ilikuwa juu, maana mzee huyo akisema hapana, ni hapana). Basi akina mama wa kambini waliponiomba niwaeleze kansa inaanzaje, nikaona Mungu kanifungulia mlango: nitamsifu mkwe mbele za watu, moyo wake ulainike.

Kiingereza wengi wangesinzia, Lhukonzo, lugha ya kwetu, wengine hawajui, nikachagua Kiswahili. Mdomo ukaponza kichwa.

"Mwili umejengwa kwa seli," nikaanza, nao wakatazamana. "Na kila seli ina askari wake anayeilinda. Ni protini, inaitwa p53."

"Hiyo namba iko ya kituo gani?" akauliza koplo mmoja, na mimi, mjinga, nikadhani ni utani.

Nikaendelea kwa mbwembwe: seli ikitaka kugawanyika ziwe mbili, huyo askari anakagua kwanza, akikuta maelekezo yake ya ndani yameharibika anaamuru "Simama!", itengenezwe, na isipotengenezeka anaiamuru ife, kwisha habari. Halafu nikamnyooshea mkwe mkono (mkono mzima, kwa heshima). "Ni kama baba yetu Afande Okello! Akiwa macho, hakuna fujo. Lakini siku askari wa seli akilala, ndugu zangu, zile mbovu zinazaana ovyo, zinatoka, zinatembea kila mahali, nani atazirudisha?"

Kumbe kambini seli ni mahabusu, na mlinzi wa mahabusu ni mzee huyohuyo, na juma lililopita alisinzia kwenye zamu, mwizi wa kuku kutoka Munkunyu akatoka taratibu akaenda zake, na kambi yote ilijua isipokuwa mimi! Watu walicheka mpaka mama mmoja akaanguka kutoka kwenye benchi. Mzee akavaa kofia yake.

"Kyondo siendi! Ambia wazazi yako isipike!"

Nililia usiku kucha. Asubuhi nikaenda kwake, nikapiga magoti mlangoni, nikamchorea chini kwa kijiti duara, na kiini katikati. "Baba, seli ni hii. Si ile ya kufuli."

Akaiangalia weee. "Na hii kitu iko na askari moja tu?"

"Hapana, baba. Wako wengine. Huyu akilegea, mara nyingi wengine wanashika. Kansa inakuja wakiharibika kadhaa."

Mzee akajipiga paja. "Unaona! Hata Mungu hakuacha mutu moja kulinda seli! Na mimi wananiacha peke yangu, usiku, mchana, halafu eti Okello analala!" Akaniinua hapohapo, twende kwa mkubwa wake, nikarudia somo lote nimesimama wima, magoti yamejaa vumbi, na mkubwa akacheka mpaka machozi, akampa mzee askari wa pili wa kushika zamu naye.

Jumamosi mzee akaja, na mbuzi. Akasimama mbele ya wazee wetu: "Huyu mutoto ilinitia aibu, tena ikanitoa. Sasa iko yetu."

Nimeapa: sifundishi tena mahali popote kabla sijauliza wenyeji neno langu kwao lina maana gani. Na siku hizi mkwe wangu akija kwetu, akila, akisinzia kitini, nafunga mdomo wangu, navuta kigoda karibu, nashika zamu.