Tone la Mwisho la Mama Matone

Saa nne asubuhi, taa za maabara zimezimwa. Fundi wa darubini, ambaye wenzake humwita Mama Matone, anakodolea macho skrini nyeusi. Vidoa vya mwanga vinapita. Kila kidoa ni chembe moja ya dhahabu, ndogo hata upange elfu moja ndipo ufikie unene wa unywele.

Chembe hizo zimevishwa protini ya kunasa dalili za ugonjwa kwenye damu. Zikielea mojamoja, kipimo kipya kitaendelea. Zikigandana, mradi unafungwa leo.

Vidoa vyote vinakwenda kushoto.

"Zimeharibika?" anauliza mkemia aliyezitengeneza.

"Tulia, shoga. Chembe huru hucheza kila moja kivyake. Hizi zinaandamana kama zimeitwa mkutanoni. Zinasombwa na maji. Pamevuja."

Tone hubanwa kati ya vioo viwili, kingo zikazibwa kwa rangi ya kucha. Rangi ikiachwa na upenyo, tone hukauka pembeni na kuvuta kila kitu. Mama Matone anachomoa kioo, anakiinua. Upenyo huo hapo.

"Nimelipua kazi," anasema. "Mkuu kasimama mlangoni, nami nikaharakisha."

Mkuu wa mradi hajaondoka. "Limebaki tone moja tu, mama."

"Najua. Na ukinisimamia kichwani nitalimwaga. Kaa chini."

Mkuu anakaa.

Mama Matone anadondosha, anafunika, anapaka rangi taratibu, kona kwa kona. Kisha anangoja ikauke.

"Kucha zako mwenyewe hujawahi kuzipaka," mkemia ananong'ona.

"Zangu zinaosha vyombo."

Kioo kinarudi chini ya lenzi, mwanga unaingia kutoka ubavuni, na vidoa vinatokea. Kimoja kinaruka juu, kingine kinajirudi. Viwili vinasogeleana. Mkemia anamshika Mama Matone bega, kucha zikimwingia.

Vinaachana, kila kimoja na njia yake.

"Endeleeni," mkuu anasema, akijifuta jasho.

Wiki ijayo wataziweka chembe hizo ndani ya majimaji ya damu, ambako mambo ni magumu zaidi. Mama Matone hajidanganyi, lakini anajua anachokitaka.

"Dada yangu aliambiwa anaumwa nini wakati hawezi hata kugeuka kitandani," anasema. "Nataka kipimo hiki kimkute mtu bado anafua nguo zake."