Jaketi Alilompa Mtoto

Mtu akikuambia Kongo hakuna baridi, mwulize kama aliwahi kupanda pikipiki mwezi wa saba, saa kumi na mbili asubuhi, kutoka Dilala kwenda Mutoshi. Kama hajawahi, mwambie anyamaze. Kolwezi iko juu, na wakati wa kiangazi upepo unapita juu ya vilima vya udongo wa machimbo bila kitu cha kuuzuia. Maji ya ndoo yanauma vidole. Wamama wanatoa mbabula zao, majiko ya makaa, mlangoni, wanainama juu ya moto kabla hata ya kusalimiana, na mwenye tiriko mbili, sweta za kufuma, anavaa zote mbili.

Mume wangu ni motari, mtu wa pikipiki ya kukodi. Anabeba watu: wachimbaji wanaowahi mashimoni, makarani, wamama wenye mabeseni ya mboga. Katika baridi hiyo alikuwa na kitu kimoja cha kumwokoa, jaketi la ngozi alilolitoa sokoni kwenye balo la mitumba ya Ulaya. Lilikuwa jeusi zamani, likafifia viwikoni, na lilikuwa zito hata ukilitundika msumari unalegea. Alilipaka gliserini kila Jumapili baada ya misa, taratibu, kidole kwa kidole. Mimi nilimwambia siku moja kwamba sijawahi kupakwa mafuta kwa upendo wa namna ile, akacheka mpaka akaangusha chupa.

Alilivaa kinyume, kama motari wote wanavyofanya wakati wa baridi: mgongo wa jaketi kifuani, zipu nyuma. Upepo ni mjanja, unaingia katikati ya meno ya zipu, lakini ngozi nzima hauwezi kuipita. Sasa mtu aliyevaa hivyo hawezi kujifunga mwenyewe. Kila asubuhi alinigeuzia mgongo, nami nikampandishia zipu mpaka shingoni. Jirani yangu alinitania kwamba nimezaa mtoto mwenye ndevu. Acha aseme. Nilimpenda mtu yule asubuhi zile kuliko siku ya ndoa, na nasema bila haya.

Mimi nina mdomo. Yeye ana maneno machache, na hata hayo anayapima kwanza. Ndiyo maana nilichelewa kumjua vizuri, maana mtu wa maneno mengi kama mimi anafikiri aliyenyamaza hana kitu kichwani.

Mimba yangu ilipokuwa kubwa, mama yangu alikuja kutoka kaskazini kuningojea nijifungue. Mama ni Muluba wa zamani, mwembamba, mgongo wima, na desturi ameishika kwa mikono miwili. Kwetu mama mkwe na mkwe hawacheziani. Hiyo tunaiita buko. Hawashikani mikono, hawali wakitazamana, hawaitani kwa jina, na nguo ya mmoja haigusi mwili wa mwingine. Mume wangu akiingia kwa mlango wa mbele, mama alitoka kwa mlango wa nyuma. Wakitaka kuambiana jambo, lazima lipitie kwa mtu wa tatu, hata kama wote watatu wako chumba kimoja na kila mtu anasikia. Mtu wa tatu nilikuwa mimi. Nilichoka. Nilikuwa nasema, "Mama anasema chumvi imeisha," na yeye amesimama pale pale, amesikia, anasubiri nimalize.

Basi mtoto hakungoja. Mimba ilikuwa bado haijatimia miezi, uchungu ukanishika, na hospitalini wakaona lazima nipasuliwe. Alitoka msichana, mdogo mpaka nikaogopa kumtazama. Kidonda changu nacho kikashika homa. Nilitetemeka kitandani, meno yanagongana, na mtu anayetetemeka hawezi kukumbatia mtoto wa namna ile. Mashine ya kuwapasha watoto joto ilikuwepo, lakini ilikuwa imejaa wenzake waliokuwa na hali mbaya zaidi.

Muuguzi wa wodi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya ukali na mikono ya upole, alimgeukia mama yangu. Akamwambia afungue blauzi. Akamlaza mtoto kifuani pake, ngozi kwa ngozi, akamfunga na kitenge, akamfunika na blanketi. Akatuelezea vizuri: mtoto mdogo vile hana nguvu ya kupigana na baridi na ya kukua pia. Akipigana na baridi, hakui. Kwa hiyo kazi ya kupigana ni ya kifua cha nkambo, bibi yake, mtoto akue tu.

Mama alifanya hivyo siku nzima na usiku, amekaa, ameegemea ukuta. Lakini blanketi lilikuwa linateleza. Mama hana mabega, ni mifupa tu. Kila akisinzia kidogo, blanketi linashuka, na upepo wa kiangazi unapita kwenye nyufa za vioo vya dirisha unamkuta mtoto. Asubuhi muuguzi alikuja, akaingiza mkono chini ya kitenge akashika miguu ya mtoto. Uso wake ukabadilika. Akasema miguu ni baridi. Akasema wazi kwamba tukiendelea hivi, mtoto huyu atatutoka, na tutafute kitu kinachofunga, kisichoteleza, kisichopitisha upepo.

Wakati ule ule mume wangu alikuwa mlangoni. Alikuwa ameleta uji ndani ya chupa, amesimama nje kidogo kwa sababu ya mama mkwe, na mama tayari alikuwa amegeuza uso ukutani. Muuguzi akamtazama kutoka juu hadi chini, na jicho likasimama kwenye ngozi ile. Akanyoosha kidole. Akasema si lile pale, mnatafuta nini tena.

Wamama wote wa wodi walijua ile ni nguo ya nani. Mama yangu akasema hapana, bila kugeuka.

Ah, nilikasirika. Wazee wanasema heshima si utumwa, lakini asubuhi ile niliona utumwa mtupu. Kutoka kitandani, na kidonda changu kinachovuta, nilimwambia mama maneno ambayo mtoto hamwambii mama yake. Nilimwuliza kama buko yake itamzika mtoto wangu. Nilidhani anajilinda mwenyewe, aibu yake, jina lake kijijini. Mama akanijibu polepole, na ndipo nikaona machozi yanamshuka hadi kwenye kofia ya mtoto.

"Nikivaa nguo ya mukwe, mikono ya huyu mutoto itatetemeka mpaka atakufa. Njo vile balitufundisha. Unataka nimuue mi mwenyewe?"

Alikuwa anaogopa kitu kile kile nilichokuwa naogopa mimi. Muuguzi akaanza kusema habari ya mambo ya kizamani, na mimi nikajua ameharibu, kwa sababu mama ukimwita wa kizamani anakaza shingo zaidi. Mtoto alikuwa hata halii. Hiyo ndiyo iliniua, kwamba halii.

Mume wangu hakubishana na mtu. Alimgeuzia muuguzi mgongo, muuguzi akamshushia zipu. Akavua. Akatoka nalo nje, tukamsikia analipigapiga ukutani kutoa vumbi. Akarudi, akalipangusa ndani na nje kwa kitambaa chake, polepole, kama yule wa Jumapili mwenye gliserini, na mimi nilitaka kumpigia kelele afanye haraka. Halafu akasimama mlangoni, ameinamisha macho sakafuni. Akasema na mtoto. Akasema naye kama mtu anavyosema na mtu mzima.

"Kamama, sikia baba yako. Hii jaketi ilikuwa yangu. Kuanzia leo ni yako. Mi sina tena jaketi. Nkambo akiivaa, anavaa kitu ya mujukulu yake."

Jamani. Nilibaki mdomo wazi, mimi mwenye mdomo. Kwa maana kwetu, kati ya nkambo na mjukuu hakuna buko. Wanakula sahani moja, wanalala mkeka mmoja, wanataniana kama mume na mke, wanatukanana na kucheka. Kitu cha mjukuu ni cha nkambo. Wote tulikuwa tunalijua hilo tangu utoto, na hakuna aliyeliona pale isipokuwa mtu wa maneno machache.

Mama aliipima ile kauli kila upande, kama mtu anayenunua kuku. Mwishowe naye akainamia kofia ya mtoto.

"Kamama, uliza baba yako kama anajua kitu anasema. Kitu ya mutoto hairudi kwa baba."

"Ambia nkambo," mume wangu akasema, "hairudi."

Akampa muuguzi jaketi, muuguzi akaligusisha kwanza mwili wa mtoto, ili jambo likae sawa. Halafu wakamvalisha mama, zipu mbele safari hii, wakapandisha mpaka kofia ndogo ikabaki inachungulia chini ya kidevu cha nkambo. Jaketi halikuteleza. Upepo ulikuja ukagonga ngozi ukarudi ulikotoka. Saa sita mchana muuguzi akaingiza mkono, akashika miguu, akasema neno moja, vizuri, akaenda kwa wagonjwa wengine. Mimi nikalia mpaka kidonda kikauma.

Mama alivaa jaketi lile siku zote za wodi. Wamama wenzangu wakaanza kumwita Nkambo Motari, wakamwomba awapeleke sokoni, na yeye, mama yangu wa mgongo wima, akawajibu kwamba petroli imepanda. Sikuwahi kumsikia akitania watu wasio wajukuu zake. Nadhani ngozi ilimpa joto hata ulimini.

Lakini niliona pia dirishani. Mume wangu alikuwa anafika kila asubuhi na mashati mawili, na kati ya mashati ameweka katoni alilolikata la kubebea sabuni. Katoni linazuia upepo kidogo, likilowa umande halizuii kitu. Midomo yake ilipasuka. Vidole vilikuwa vigumu mpaka akishusha chupa ya uji anaishika kwa viganja viwili. Wenzake walimcheka kwamba ameuza jaketi ahonge mwanamke, na yeye hakuwaeleza. Mimi ningewaeleza mpaka wakimbie. Mama naye alikuwa anaona. Hakusema, ila kila chupa ya uji ilipofika alikuwa anamwambia mtoto kwamba baba yake anywe nusu ya kwanza ingali ya moto, na mimi nikapeleka ujumbe.

Mtoto akaanza kunyonya kwa nguvu. Mashavu yakaja. Homa yangu ikaondoka, kidonda kikafunga. Siku moja muuguzi akampima, akamgeuzageuza, akasema huyu sasa anajipasha joto mwenyewe, pelekeni nyumbani.

Baridi ilikuwa bado. Tulitoka uani asubuhi, mume wangu anatungoja karibu na pikipiki, katoni lake kifuani. Mama alikuwa ameshavua jaketi, amemfunga mtoto kwa blanketi kifuani pake. Mimi kwa furaha yangu ya kijinga nikalichukua jaketi, nikamwendea, nikamwambia ageuke nimfunge zipu.

Alirudi nyuma hatua. Nikafikiri anatania. Nikamwambia mama amemaliza, mtoto amepona, avae, midomo yake inatisha.

"Ile imeshazoea mwili ya mama," akasema. "Mi sitaivaa tena, hata siku moja."

Ndipo nikaelewa. Buko inakata pande mbili. Nguo ya mkwe haimgusi mama, na nguo ya mama haimgusi mkwe. Hata kama mtoto angemkopesha, hata kama angemrudishia kwa sherehe, jaketi lile kwake lilikuwa limekufa tangu mama alipoingiza mkono wa kwanza. Mama alijua. Ndicho alichokuwa anamwuliza kupitia kofia ile, kama anajua anachosema. Mimi peke yangu, mwenye kelele zote zile, sikujua.

"Ulijua?"

"Nilijua wakati nilikuwa naivua."

Nikasimama na jaketi mikononi. Mama ndiye aliyefanya kitu. Alipita kando yangu, akamlaza mtoto juu ya kiti cha pikipiki, akarekebisha blanketi, akarudi nyuma. Mume wangu akangoja mpaka mama amesogea mbali ya kutosha. Akafungua vifungo vya mashati yote mawili, akachomoa katoni akaliacha lianguke, akamwinua mtoto kutoka kitini akamlaza kifuani pake, ngozi kwa ngozi, kama alivyokuwa amemwona mkwe wake akifanya. Mtoto alikuwa ametoka kifuani kwa nkambo dakika ile ile, bado na joto lake. Mume wangu akafumba macho.

"Uko wa moto," akamwambia.

Mama alikuwa tayari anatembea kuelekea barabarani, ametupa mgongo kama inavyotakiwa, na niliona anajifuta uso kwa ncha ya kitenge.