Mstari Aliouruka Consolata

Nyumba yetu iko Ngamiani, barabara ya kumi na nne, na kuta zake hazifiki darini. Ukikohoa chumba cha mbele, wa chumba cha nyuma anakwambia pole. Ndiyo maana sala za Mama Yudith nazijua zote kwa moyo, ingawa mimi ni Muislamu na marehemu baba yangu alikuwa mwadhini. Sikuzitafuta mimi. Zilinifuata kitandani kila alfajiri, miaka yote tuliyopanga naye.

Jina lake ni Consolata. Baba yake aliletwa kutoka Songea kukata mkonge, mmoja wa wale walioitwa manamba, na yeye akazaliwa kambini, njia ya kwenda Muheza. Kambi ilimfundisha kusali, na ilimfundisha kusema kwa sauti kubwa, maana karibu na mashine ya mkonge mtu wa kunong'ona hasikiki. Akaolewa mjini na Hosea, fundi baiskeli, wakamzaa Yudith. Hosea akafariki, Consolata akabaki na vitumbua vyake barazani. Ni vitamu, hilo namkubalia hata siku tulizonuniana.

Ila ana kasoro moja kubwa: hasemi uongo. Watu wengi husifiwa hivyo wakishazikwa. Yeye yu hai, na ametutaabisha sote. Mwari akitolewa nje na mashoga wote wakasema kapendeza, Consolata atauliza nani aliyempaka ile poda.

Alfajiri moja nimejilaza namsikiliza akisali Baba Yetu. Alipofika "utusamehe makosa yetu" akanyamaza kidogo, kisha akaenda moja kwa moja kwenye "usitutie katika kishawishi". Nikadhani ni usingizi. Kesho yake ikawa vilevile, na siku iliyofuata pia. Nikamvizia uani tukiosha vyombo.

"Mama Yudith, mbona sala yako siku hizi ina pengo?"

"Pengo gani?"

"Pale pa 'kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea'. Unaparuka."

Hakukana. Alisuuza sufuria, akaifunika juani.

"Siwezi kumdanganya Mungu asubuhi yote hiyo," akasema. "Sijamsamehe Benedikta. Nitamwambiaje nimesamehe, na Yeye anaona?"

Benedikta ni fundi cherehani wa Usagara na ndiye mwalimu wa kwaya yao. Yeye na Consolata walikulia kambi moja, wakaingia mjini pamoja, na Yudith alipobatizwa, Benedikta ndiye aliyemsimamia akawa mama yake wa ubatizo. Walikuwa chanda na pete. Kisha ikaja Krismasi moja, kitumbua kikaingia mchanga. Askofu alikuwa anakuja, kwaya iko kwenye mazoezi, na sauti ya Consolata, ambayo mimi naipenda kwa ujirani tu, ilikuwa ikiwapoteza wenzake njia. Benedikta akausimamisha wimbo. Mbele ya kwaya nzima akasema, "Consolata, siku hiyo wewe fumbua mdomo tu. Sauti waachie wenzako."

Akafumbua mdomo tu, na askofu akaisifu kwaya. Aliporudi nyumbani akavua sare, akaichana, akaifanya matambara ya kushikia chuma cha vitumbua. Nilimkuta analia jikoni. Mama Yudith si mtu wa kulia, na siku ile nilimchukia Benedikta kwa niaba yake.

Kulia kulipokwisha akatafuta pa kulipizia, akapapata kwenye sala. Wakatoliki wana jumuiya zao ndogo ndogo, hukutana Jumamosi, wiki hii nyumba hii, wiki ijayo ile. Husoma Injili, kisha kila mmoja hutoa ombi lake kwa sauti, na wote huitikia, "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Zamu ya Consolata ikifika, anafumba macho kwa unyenyekevu: "Tuwaombee walimu wa kwaya wenye majivuno, ili Mungu awashushe kabla hawajaanguka wenyewe." Na lazima waitikie wote, Benedikta akiwemo. Utakataaje ombi, umo ndani ya sala? Lakini dua la kuku halimpati mwewe. Benedikta aliendelea kufundisha kwaya, na kunenepa akanenepa.

"Na ule mstari, mbele ya wenzako unafanyaje?" nikamwuliza siku ileile uani.

"Nafumbua mdomo tu," akasema. "Si alinifundisha mwenyewe?"

Mambo yangebaki hivyo mpaka kiama, kama si Yudith. Mwaka huu Kwaresima yao na Ramadhani yetu zilianza pamoja, nyumba nzima tukawa watu wa kufunga na kununa, na katikati ya hayo Yudith akaleta habari ya ndoa. Tarehe iko kwa padri, baada ya Pasaka. Akamwambia mama yake kwamba hatakanyaga kanisani bila mama yake wa ubatizo.

"Tutatafuta mwingine," Consolata akasema. "Wanawake wa heshima wamejaa Mabawa yote."

"Mama wa ubatizo habadilishwi kama kitenge, mama. Msipopatana, tarehe nairudisha kwa padri."

Yudith kachukua ukaidi wa mama yake bila kubakisha. Alipoondoka, Consolata aliketi kwenye kigoda, mikono mapajani. Ana mtoto mmoja, na tangu amzike Hosea alikuwa akiingoja siku hiyo ya kumwona na shela.

"Si uende ukamwambie umemsamehe," nikasema. "Neno tu."

"Ndilo hilo nisiloweza," akasema. "Likiwa neno tu ni uongo."

Nilimwona mjinga, na nilimwonea huruma.

Jumamosi iliyofuata zamu ya jumuiya ikaangukia kwetu. Mvua ilianza adhuhuri ikakataa kuondoka, barabara ya kumi na nne ikawa mto. Wanajumuiya wengi wakaona Mungu yuko hata majumbani mwao. Aliyekuja ni Mzee Yona, mwenyekiti, mstaafu wa reli ambaye hajawahi kuchelewa popote. Nyuma yake, amejifunika mfuko wa nailoni kichwani, akaingia Benedikta. Ilikuwa zamu yake ya kusoma. Consolata alimkaribisha kwa adabu zote, akampa kiti kibovu.

Wao walikaa ukumbini, mimi niko uani chini ya bati namenya mihogo ya futari. Ramadhani tuna mapatano: mimi namenya, Consolata anakuna nazi. Saa zilikuwa zinakwenda, nazi iko pale haijavunjwa, na swaumu ilikuwa imenishika barabara. Nilikuwa nawasikiliza kwa jicho baya, kama mtu anayengoja choo cha wapangaji.

Wakasoma. Wakaomba. Ombi la Consolata siku hiyo lilikuwa fupi, kwamba mvua ikatike. Nadhani aliona haya, maana watu watatu ni wachache mno kwa kumpiga mtu kijembe. Kisha wakaanza Baba Yetu. Sauti ya Mzee Yona nzito, ya Benedikta laini, ya Consolata juu ya zote. Mkate wa kila siku ukapita. "Utusamehe makosa yetu," wakasema.

Halafu kimya.

Siku zote mstari ule hubebwa na umati, anayeuruka hajulikani. Leo umati umebaki makwao, na hawa watatu, wazima wenye akili zao, kila mmoja alikuwa amefumbua mdomo akimngoja mwenzake atoe sauti. Hata Mzee Yona. Baadaye nilikuja kusikia kwamba ana mdogo wake Muheza, na baina yao kuna michungwa ya urithi.

Ningependa kusema kwamba nilivuviwa. Nilikuwa na njaa. Nikapaza sauti kutoka uani, kisu mkononi:

"Kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea. Haya malizeni, nazi inangoja."

Consolata akatokea mlangoni, macho yamemtoka.

"Zuwena, nani kakuita kwenye sala yetu?"

"Nimedhani mmesahau."

"Hatukusahau," Benedikta akasema kutoka ndani.

Consolata akageuka. Nikamwona mgongo tu.

"Kila Jumamosi unaniombea nianguke," Benedikta akaendelea, "na mimi nakaa hapo naitikia. Nimekuchukia, Consolata. Siwezi kusema ule mstari."

"Ulinifunga mdomo mbele ya watu."

"Nilikufunga. Nilimwogopa askofu, nikajali wimbo kuliko wewe. Nimekukosea, dada yangu, na nimejua siku zote kwamba nimekukosea."

Nikamsikia Consolata akivuta kamasi.

"Na mimi zile sala hazikuwa sala," akasema.

Mzee Yona akakohoa. "Tuanze tena tangu mwanzo," akasema, "na mara hii kila abiria ashike tiketi yake mwenyewe."

Wakaanza. Walipofika pale walipunguza mwendo kama watu wanaovuka mtaro juu ya ubao mmoja, lakini sauti zilitoka zote tatu.

Mvua haikukatika. Wakati wa kuondoka Benedikta alijifunika mfuko wake, akasema bila kumtazama mtu, "Mwambie Yudith aje Jumatatu nimpime gauni. Asiwape mafundi wengine kitambaa."

"Atakuja," Consolata akasema. "Nitakuja naye."

Akaja uani, akakalia mbuzi, akaanza kukuna nazi kwa nguvu hata nikamwambia polepole, tutakula na kifuu.

"Haya, umesamehe," nikasema.

"Nimesema. Kusamehe bado sijamaliza." Aligeuza kipande cha nazi. "Lakini haukuwa uongo, Zuwena. Nilipokuwa nasema nilitaka iwe kweli. Zamani nilikuwa sitaki. Sasa kesho nitasema tena, na kesho kutwa, mpaka moyo uchoke kubisha."

Nikaweka sufuria motoni. Mwenzangu akakuna, akakuna, kisha akauliza kama anayeuliza chumvi:

"Na wewe na Asmahani je?"

Asmahani ni wifi yangu. Tangu arusi ya mwanangu Tahiri hatuamkiani, na habari yake ni ndefu, na mwenye haki ni mimi.

"Usinitie mimi," nikasema. "Ile sala yenu, si yangu."

"Sisi tulikuwa tumenyamaza," Consolata akasema. "Aliyeutamka ule mstari mbele ya Mungu ni wewe, tena kwa sauti, mtaa mzima umesikia."

Mtu asiyesema uongo ni jirani mbaya sana. Nikamwambia aniache kwanza nifuturu, maana mambo ya Asmahani hayaendeki na tumbo tupu.