Theodosia, Mwewe na Rangi ya Mikeka

Ukimwona Theodosia wa Kitahana akitembea, utadhani ni mtakatifu. Macho yake yako juu muda wote. Anachota maji, anatazama juu. Anapalilia maharage, mistari miwili, anatazama juu. Mgeni mmoja wa parokia aliwahi kumsifu mbele ya watu kwamba mama huyu haachi kuitafuta mbingu. Sisi majirani tuliuma midomo tusicheke. Theodosia hatafuti mbingu, ndugu zangu. Anatafuta mwewe.

Sogeeni niwaeleze, maana nilikuwepo, na sehemu ya aibu ilinipata mimi mwenyewe.

Mwezi wa tatu mwaka huu binti yake Esperance, aliyeolewa Kasulu, alikuwa karibu kujifungua mtoto wa kwanza. Kwa akina Theodosia, watu walioingia nchi hii kama wakimbizi, wakibebwa mgongoni na kuja kuwa raia wakiwa na mvi, kuna jambo moja halina mjadala: bibi mzaa mama haendi kumwona mjukuu wa kwanza mikono mitupu. Anapeleka kuku jike na vifaranga wake, wazima, na idadi anaitamka kabla mtoto hajazaliwa. Akishaitamka, haipungui.

Basi akampigia simu Manirambona, baba mkwe wa Esperance. "Bamwana," akasema, ndivyo wanavyoitana huku wazazi waliooziana watoto, "andaa kona. Naleta mama na watoto kumi."

Manirambona anafuga kuku weupe ndani ya banda la wavu lenye kufuli, na analitaja kufuli lile kama wengine wanavyotaja shamba. Alicheka mpaka simu ikakwaruza. "Kumi? Hao wenu wa kutembeatembea nje? Bamwana, utaniletea manyoya!"

Ukweli ni kwamba Theodosia alikuwa nao kumi na wawili. Wawili aliwaacha wawe akiba ya mabaya. Mwewe aliwachukua wote wawili ndani ya wiki moja, kana kwamba naye alikuwa anasikiliza simu.

Wakabaki kumi. Hapo ndipo vita ilipoanza.

Kicheche hakumsumbua sana. Jioni aliwafunika kuku wake kwa tenga, juu yake jiwe ambalo mimi siliwezi. Shida ilikuwa mchana, saa ambazo yeye yuko shambani na vifaranga wanachakura mchwa uani. Akamweka mumewe, mzee Pasikali, kwenye kiti katikati ya uwanja, na debe la kupiga.

"Kazi yako ni moja tu, Baba Esperance. Ukiona kivuli, piga."

"Nimekuwa sanamu la shambani?"

"Sanamu halili ugali wangu. Piga debe."

Siku ya kwanza alipiga. Siku ya pili alipiga kidogo. Siku ya tatu Theodosia alirudi akamkuta amelala mdomo wazi, na mwewe ametua kwenye mgomba, hatua tano kutoka kwake, wanapumzika pamoja kama mtu na shemeji yake.

Alhamisi iliyofuata ndipo akaja Mwanaamina, jirani yetu mzaliwa wa Ujiji, fundi wa mikeka. Alileta rangi ya kuchovya ukindu, ya zambarau. "Wapake," akasema. "Mwewe anajua kifaranga ni wa njano au wa kahawia. Akiona zambarau atasema hiki si chakula, ni shetani."

Theodosia hakuuliza mara mbili. Saa saba mchana akawachovya wote kumi kwenye beseni, vichwa nje, akawaanika juani kwenye gunia. Walipokauka walipendeza, siwafichi. Mikono yake nayo ilikuwa zambarau mpaka kwenye viwiko.

Akawapeleka kwa mama yao. Kuku akawatazama. Akarudi nyuma hatua mbili. Wa kwanza alipomkimbilia, akamdonoa kichwani, na wa pili vilevile, kisha akaenda nyuma ya jiko kwa hasira ya mama aliyeletewa watoto wasio wake.

"Mana we, Mungu wangu!" Theodosia akashika kichwa, na nywele zikapata rangi. Mwewe alikuwa anamchukulia mmoja mmoja. Yeye kwa mikono yake alikuwa amewafanya yatima wote kumi kwa mpigo.

Na bado alisahau jambo la pili. Alhamisi ile jumuiya ilikuwa inasali kwake.

Saa tisa tukaingia uani, watu kama ishirini, tukakaa kwenye mabenchi. Katekista Tharsisi alimtazama mwenye nyumba, kiwiko hadi kucha, akafungua kitabu. Tharsisi ni mtu mwema, lakini sala yake haina breki. Alianza na wagonjwa, akaja kwenye mvua, akaenda kwa viongozi. Tulifumba macho. Vifaranga, kwa kukosa mama, waliingia chini ya vitenge vya kina mama kutafuta joto, na kila dakika ungesikia mwanamke akisema "Bwana utuhu—yuu!"

Theodosia alisali kwa jicho moja. La pili lilikuwa kazini.

"Na utulinde na adui anayetuzunguka," akasema Tharsisi.

"Huyo hapooo!" Theodosia akapiga kelele.

Nilifumbua macho nikaona kivuli kinashuka. Vifaranga wanne walikuwa wazi, katikati ya uwanja, na mwewe hakuijali zambarau hata kidogo. Tharsisi akavua kiatu akakirusha, kikanipata mimi sikioni. Pasikali akapiga debe, safari hii kwa bidii, lakini alikuwa anapiga akiwa amempa mwewe mgongo. Vifaranga wakalia, ile sauti nyembamba ya kuomba msaada.

Hapo ndipo kuku alipotoka nyuma ya jiko. Hakuangalia rangi. Alisikia sauti anayoijua tangu ikiwa ndani ya yai, akapita juu ya benchi, mbawa wazi, akamvaa mwewe kifuani wakaanguka wote wawili kwenye vumbi. Mwewe aliondoka upande upande. Kuku akatanua mbawa, akaita, na wote kumi, kutoka kwenye vitenge na chini ya mabenchi, wakakimbilia kwake. Aliwafunika. Wala hakumdonoa hata mmoja.

"Amina," akasema Tharsisi, akiwa na kiatu kimoja. Ilikuwa sala yake fupi kuliko zote.

Esperance alijifungua salama hospitali ya Kabanga wiki ile ile, mtoto wa kike. Theodosia alipanda basi na tenga mapajani, akashuka Kasulu, akaliweka mbele ya Manirambona na kulifunua.

"Bamwana, hesabu."

Manirambona alihesabu. Akahesabu tena, kwa kidole. "Kumi," akakubali. "Lakini hawa ni kuku au maua?"

"Ni kuku. Na kufuli sina."

Akanawa mikono, ingawa haikusaidia, akampokea mjukuu kwa viganja vya zambarau. Wakati anamtazama usoni, Manirambona alimsogelea na kumnong'oneza: juzi kitu kimepita chini ya wavu, kimemmalizia weupe sita. Hiyo rangi inapatikana wapi?

"Rangi haifanyi kitu," Theodosia akamjibu, macho kwa mtoto. "Tafuta kuku mwenye hasira."

Kisha, kwa mazoea, akatazama juu.